Dawa ya Sadik

Neno lenyewe Abdia alilisikia kwenye simu, asubuhi moja ya Jumanne, akiwa amechuchumaa kando ya madumu yake ya maziwa karibu na stendi ya Garsen. Sadik, mwanawe, alikuwa amepiga kutoka Watamu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetabasamu.

"Mama, wamenipandisha. Sioshi vyombo tena. Sasa natengeneza dawa."

"Dawa?"

"Dawa, mama. Wazungu wanaipenda ajabu. Wanakuja wananiulizia mimi kwa jina."

Basi la Hola likapiga honi, mteja akataka nusu lita, simu ikakatika. Abdia alibaki na kifuniko cha dumu mkononi. Yeye shule aliishia darasa la nne, lakini alijua hoteli kubwa hazikosi kitu. Zina mabwawa ya kuogelea, zina maduka ndani kwa ndani, kwa nini zikose chumba cha matibabu? Na huyu Sadik, ambaye marehemu baba yake Abdinur alikuwa akimwamsha alfajiri asome kabla ya kutoa ng'ombe, ndiye sasa anayechanganya dawa humo. Akamshukuru Mungu pale pale, kwa sauti.

Wa kwanza kumsikia alikuwa Sahra, Msomali mwenye duka lililotazamana na kituo chake cha maziwa.

"Unaomba au unalia?" Sahra aliuliza kutoka nyuma ya mizani.

"Sadik anatengeneza dawa. Hotelini. Za Wazungu."

"Mashallah! Kijana amekuwa daktari na mama mtu amenyamaza?"

"Si daktari, Sahra. Anatengeneza dawa tu."

"Na anayetengeneza dawa ni nani, fundi wa baiskeli?"

Abdia akacheka, na kicheko hicho alikuja kukikumbuka vibaya baadaye. Kufikia swala ya magharibi habari ilikuwa imefika mtaa wa pili. Kesho yake mwanamke asiyemjua alimwita Mama Daktari, naye akageuka.

Hadi hapo kosa lilikuwa la sikio. Lakini baada ya miezi miwili Sadik alimtumia picha kwenye simu ya kupapasa aliyomnunulia. Amevaa kizibao cheusi. Mkononi ana gilasi yenye vipande vya ndimu na barafu, na kijiti kimesimama katikati. Nyuma yake chupa zimepangwa rafu juu ya rafu kama vitabu vya madrasa. Chini ameandika: *Mama, hii ndiyo dawa yenyewe.*

Akampigia.

"Hii dawa gani ina barafu?"

"Ni jina tu la kinywaji, mama. Ndimu, sukari, asali, barafu. Halafu kitu kikali kidogo."

"Kikali kama siki?"

"Kikali kama pombe, mama. Ni pombe. Ila mimi siigusi kwa mdomo, nakuapia."

Abdia aliilaza simu kifudifudi juu ya mkeka. Angeweza kwenda kwa Sahra asubuhi hiyo hiyo akasema, jamani, nilisikia vibaya. Wangecheka siku mbili yakaisha. Lakini aendeje akasema neno baa, yeye mjane wa Abdinur, mbele ya wanawake wanaokaa naye kwenye darsa la Alhamisi? Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hata kwenye sijida aliona haya kulitaja. Alikuwa amelipenda lile jina. Miaka kumi na minne alikuwa akiitwa "yule mama wa maziwa". Sasa akiingia kwenye harusi, watu walisogea akae mbele, karibu na feni.

Kwa hivyo akanyamaza. Na baada ya kunyamaza yakaja maswali.

"Mama Daktari, muulizie Sadik, goti langu linavimba." Abdia hakuuliza. Alingoja siku moja, kisha akajibu, "Anasema ukande kwa maji ya chumvi." Mwingine mtoto wake alikuwa akicheua. "Anasema umlaze kwa ubavu." Alichagua maneno yasiyoweza kumdhuru mtu, maneno ambayo mama yeyote angeyasema. Ila aliyasema kwa kinywa cha mwanawe, na kila mara aliporudi nyumbani alijisikia kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Kama siku kumi kabla ya Idd ya kuchinja, Sahra alivuka barabara akaja kusimama karibu naye.

"Mama hazitaki tena tembe zake za presha. Anasema zinamkohoza, zinamzungusha kichwa. Muulize daktari wetu."

Mama yake Sahra alikuwa Bibi Barwako, ambaye watoto wote wa mtaa, wa Kisomali na wa Kiorma, walimwita Ayeeyo, yaani bibi. Presha haikuwa goti. Abdia aliogopa kubuni. Usiku ule aligeuka kitandani, na asubuhi akapata jibu aliloliona halina madhara.

"Anasema angoje. Anakuja Idd, atamwona kwa macho yake."

Hakufikiri kwamba neno *angoje* lina njia mbili.

Sadik alifika Idd mosi jioni, mrefu, ananukia sabuni ya hotelini. Idd pili, baada ya swala ya adhuhuri, alitoa mfuko mdogo kwenye begi lake.

"Leo mama ukae chini, mimi nikuhudumie. Nataka uione kazi yangu. Bila kile kitu, usinitazame hivyo."

Abdia aliinuka akafunga mlango.

"Mama, unafunga nini? Tutaiva humu."

"Upepo."

"Upepo gani, Garsen?"

Akateremsha na pazia. Barafu alikuwa ameinunua mwenyewe asubuhi dukani kwa Sahra, na Sahra alipouliza ya nini, alisema daktari amezoea maji baridi.

Sadik alipanga vitu juu ya sinia: ndimu nne, bakuli la sukari, asali ya msituni kwenye chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa, mchi mdogo wa mti aliokuja nao, na vijiti viwili vilivyochongwa vikalainika. Akaikata ndimu vipande vinane, kisha kwa ncha ya kisu akatoa ule uzi mweupe wa katikati.

"Huu ndio unaoleta uchungu. Wengi hawautoi."

Akavitia vipande kwenye gilasi, vijiko viwili vya sukari juu, akaanza kuponda. Abdia alishangaa, kwa kuwa hakuponda kama mtu anayeponda kitunguu saumu. Alikandamiza, akazungusha, akaacha.

"Unabembeleza. Ukilikamua ganda sana linatoa ukali mbaya. Unataka maji yake, na harufu ya ganda kidogo tu." Akadondosha tone moja kwenye kiganja, akaliramba, akaongeza sukari nusu kijiko. "Hapa ndipo ninapoonja, mama. Kabla ya kile kitu kuingia. Ndimu na sukari zikishapatana, vingine ni kipimo."

Akajaza barafu. Kisha mkono wake ukaenda kwenye jagi la maji ukainama, ukahesabu kimya kimya, ukainuka. Ulifanya hivyo kwa mazoea, bila yeye kuutazama, na Abdia alijua huo ndio ule mwendo wenyewe, usiku baada ya usiku, na kwamba huko hotelini kinachomiminwa si maji. Akatazama pembeni. Akatazama tena, kwa sababu ulikuwa mkono stadi, na ni yeye aliyeufundisha kushika kijiko.

Mwisho Sadik alikichovya kijiti kwenye asali, akakizungusha mpaka kikavaa asali kama koti, akakisimamisha kwenye gilasi.

"Koroga mwenyewe mpaka utamu ukutoshe. Ndivyo inavyonywewa."

Abdia alikoroga, akasema bismillahi, akanywa. Ukali ulimkaza mashavu mpaka akafumba jicho moja, kisha utamu ukaja polepole ukaufuta ule ukali, na mara ukali ukarudi. Akacheka kwa sauti kama msichana. Akanywa tena. Halafu akakumbuka ni nini alichokuwa akikisifu, akaitua gilasi.

"Watu wa hapa wanajua kazi yangu?" Sadik aliuliza, akiponda gilasi ya pili.

"Wanajua unatengeneza dawa."

Sadik aliangua kicheko. "Mama! Umewachezea kweli!" Alidhani ni mzaha wao wawili. Abdia akainamisha kichwa akakoroga, ingawa kijiti kilikuwa kimekwisha asali.

"Hodi wenyewe! Mmejifungia na jua hili, mnachinja tena?"

Alikuwa Sahra, na Sahra hakuwa mtu wa kungoja aambiwe karibu. Alisukuma mlango, mkono mmoja amemshika mama yake kiwiko, mwingine una mfuko wa plastiki.

"Daktari! Idd mubarak! Tangu jana umefichwa."

Sadik aliinuka kwa adabu, akacheka, akamtazama mamake. "Daktari nani?"

"Huyu amekuwa mrefu," Bibi Barwako alisema, akijishusha polepole juu ya kiti. "Nilikubeba wewe mgongoni ukanikojolea. Leo ni zamu yako, njoo unipime."

Sahra akaumimina mfuko mezani. Pakiti za tembe, zimejaa, hazijatobolewa. "Hizi hapa. Hajameza hata moja tangu ulipotuma neno. Siku ya kumi na mbili leo."

"Nilipotuma neno?" Sadik aliuliza.

Abdia aliishika pakiti moja akaigeuza. "Hajameza?"

"Si ulisema angoje?" Sahra alimgeukia. "Amengoja."

Alikuwa amesema angoje kuonwa. Wao wameelewa angoje kumeza. Siku kumi na mbili alikuwa akiwauzia maziwa ya chai asubuhi na asijue.

Bibi Barwako macho yake yalikuwa kwenye sinia. "Na hiyo ni nini?"

"Ni dawa, Ayeeyo," Sadik alisema. Ilimtoka kwa mazoea tu, kama anavyowajibu wageni wake. Kabla hajasema la pili, bibi alikuwa ameishika ile gilasi ya pili kwa mikono miwili. Alikunywa mkupuo mmoja, akakunja uso, akaukunjua, akanywa mwingine mrefu.

"Subhanallah. Hii ndiyo dawa. Inapita huku ikikusalimia." Akaisukuma pakiti moja ya tembe kwa kidole. "Nitakunywa hii. Zile wapeni kuku."

"La, Ayeeyo. Hii ni ndimu na sukari tu. Haishushi presha. Uanze tembe zako, na leo hii urudi hospitali."

"Sikia huyo. Daktari mkubwa hajisifu." Bibi alimpigapiga mkono. "Kama Wazungu unawapa hii na wanafika miaka tisini wakitembea na kaptula, mimi kwa nini nimeze chaki? Tena kichwa kinanigonga tangu juzi, na hii baridi imenituliza."

"Kinakugonga wapi?" Abdia aliuliza haraka.

"Kisogoni. Na jicho hili linaona ukungu."

Sadik alisema tena, kwa upole zaidi, kwamba yeye hawezi kumpa chochote, aende hospitali. Bibi akamcheka tena. Sahra naye alikuwa akitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayemsikiliza imamu akisema hajui kitu. Ndipo Abdia alipoona. Akisema Sadik ndimu ni ndimu, huo ni unyenyekevu. Akisema nenda hospitali, ni daktari anayempeleka kwa madaktari wenzake, bibi atachagua anayempendeza, naye atamchagua huyu mwenye asali. Maadamu lile jina limekaa juu ya kichwa cha kijana, hakuna neno lake la kweli litakaloaminiwa. Na Sadik hakujua kilichomfunga mdomo. Aliyejua ni mmoja.

Alitamani Sahra angekuwa peke yake. Alitamani mlango ungefungwa tena, kwa maana nje kulikuwa na watu wakipita na nguo za Idd.

"Sahra," alisema. "Si daktari."

"Ni nini basi, daktari msaidizi? Si neno."

"Si daktari kabisa. Anafanya kazi ya baa. Anachanganya pombe za wageni. Hiyo inaitwa dawa kwa jina tu. Mimi nilisikia vibaya, kisha nikajua, kisha nikanyamaza."

Barafu ilisikika ikipasuka kwenye gilasi.

Bibi Barwako aliitazama ile gilasi mikononi mwake. Imebaki robo. "Na mimi nimekunywa nini?"

"Wallahi ni ndimu!" Abdia alipiga magoti bila kujua. "Ndimu, sukari, asali, na maji ya jagi hilo. Barafu nimenunua kwako, Sahra, kwa mkono wako!"

Sahra aliichukua gilasi akainusa. Akainusa tena. Akamkabidhi Sadik. "Apa wewe."

Uso wa Sadik ulikuwa umebadilika. Hakumtazama mamake. "Wallahi, mama Sahra, humo hamna kitu. Sijaleta kitu hicho kwenye nyumba hii, na sitaleta." Akainywa robo iliyobaki mbele yao, yote, na barafu akaitafuna.

"Mimi sikulewa," Bibi Barwako alisema. "Ningejua."

"Ungejulia wapi, hooyo?" Sahra alimkemea mama yake. Akamgeukia Abdia. "Na lile la goti? Na mtoto wa kucheua?"

"Langu."

"Yote?"

"Yote yangu. Sadik hakuulizwa hata moja."

"Nilikupa mama yangu, Abdia." Alikuwa akikusanya tembe kuzirudisha mfukoni na zilikuwa zikimwanguka. "Nilikuuliza habari za mama yangu, wewe ukanipa za kubuni."

Abdia alitaka kumsaidia kuokota. Sahra akaukwepesha mkono wake.

Sadik alikuwa ameshatoka kutafuta tuktuk. Sahra na bibi wakakaa nyuma, yeye akakaa mbele na dereva. Hakuna aliyemwambia Abdia apande, na hakuna aliyemwambia asiende. Akafuata kwa miguu, amejifunga buibui upande upande, na njiani watu walimpa mkono wa Idd, wakamwita lile jina, naye akaitikia kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kusimama na kueleza.

Sadik alikuwa akimngoja kwenye lango la hospitali.

"Nimewaambia nini kingine?" aliuliza.

"Nini?"

"Mimi. Kwa kinywa chako. Nimewaambia nini kingine?"

Abdia akamtajia. Maji ya chumvi. Mtoto alazwe kwa ubavu. Mwenye choo kigumu ale papai. Mjamzito asibebe dumu la lita ishirini.

"Angalau nilisema vizuri," Sadik alisema, na kidogo acheke. Kicheko hakikutoka. "Ule mlango, mama. Nilidhani kweli unaogopa upepo. Kumbe ulikuwa unanifungia mimi."

"Kazi hiyo inaniogopesha, Sadik. Sitasema uongo tena, hata huu. Inaniogopesha na sijui kama nitaizoea. Lakini aibu ya leo si yako. Ni yangu."

"Ungeniuliza mimi kwanza."

"Ningekuuliza."

Sadik akamwacha hapo, akaingia ndani kumshika bibi mkono.

Ndani, kwa sababu ya sikukuu, alikuwako muuguzi mmoja tu na foleni ndefu. Bibi Barwako aliingizwa mbele baada ya kupimwa, na muuguzi alipotazama namba alizipima tena mkono wa pili. Akampa tembe pale pale na maji, akamlaza kwenye kitanda cha kando, mlango wazi. Kisha akatoka na daftari, amekasirika.

"Hizi zinazomkohoza zinabadilishwa, ziko za aina nyingine. Mngekuja mkasema. Hakuna sababu ya mtu kuacha tembe siku kumi na mbili. Angeanguka nyumbani. Nani aliwaambia aache?"

Sahra alikuwa amekaa kwenye benchi, ameziba mdomo kwa ncha ya shela. Sadik alisimama kichwani mwa kitanda. Foleni nzima ilikuwa ikisikiliza, na nusu ya foleni walikuwa wateja wa maziwa. Sahra hakujibu. Angeweza kujibu, haki ilikuwa yake, lakini hakujibu, na Abdia hakujua kama huo ulikuwa wema au alikuwa anaachiwa.

"Mimi," Abdia alisema.

"Wewe ni nani wake?"

"Jirani."

"Wewe ni muuguzi? Umesomea?"

"La. Mimi nauza maziwa."

Muuguzi alimkaripia muda mrefu. Alimuuliza kama anajua figo ni nini, kama anajua kiharusi ni nini, kama yuko tayari kumlisha bibi kwa kijiko akipooza. Abdia alijibu kila swali, la, sijui, la, na alisimama wima, kwa kuwa kuinamisha kichwa kungekuwa kuomba ahurumiwe. Mwanamke wa lile goti alikuwa watu watatu nyuma yake. Alimsikia akimnong'oneza mwenzake, na akasikia jina la Sadik likitajwa, na neno baa.

Muuguzi alipomaliza alirudi kwa mgonjwa. Bibi Barwako alitakiwa alale hapo mpaka namba zishuke, na apimwe kila nusu saa.

Benchi lilikuwa na nafasi karibu na Sahra. Abdia hakukaa. Aliegemea ukuta, mkabala na mlango, mahali pa kuuona mkono wa bibi ukifungwa kile kitambaa cha kupimia, kikivimba, kikilegea. Mara ya kwanza muuguzi alitikisa kichwa. Mara ya pili hakusema kitu.

"Zimeshuka?" Sahra aliuliza kutoka kwenye benchi, bila kumtazama, na Abdia hakuwa na hakika kama anaulizwa yeye.

"Sijui," alisema. "Hajasema. Nikamuulize?"

Sahra aliishusha shela mdomoni. "Kaulize."